Fankisheni Ipo, Linka Inasema Haipo: Jinsi Maktaba za Unix Zinavyosomwa

Ujumbe wa `undefined reference to 'piga_riba'`, ambao maana yake ni kwamba jina fulani limetajwa lakini halikupatikana, umewapotezea vijana wengi wanaojifunza programu hapa Mbeya muda mwingi kuliko kosa lolote la sarufi ya lugha ya C. Sababu ni kwamba unaonekana kusema jambo ambalo kila mwenye macho anaona si kweli. Kijana mmoja aliyekuwa Iringa alinipigia simu akiwa karibu kukata tamaa. "Shikamoo mwalimu. Fankisheni ipo, nimeiandika mwenyewe. Maktaba ipo, nimeikagua. Na kwenye kompyuta ya mwenzangu programu ileile inajengeka vizuri kabisa. Kwangu inagoma." Alikuwa ameshaifuta maktaba na kuijenga upya mara tatu, ameshasakinisha upya kompaila, na usiku ule alikuwa anajiandaa kusakinisha upya mfumo mzima wa kompyuta. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitajika. Kilichohitajika ni kuhamisha neno moja kutoka kushoto kwenda kulia.

Sikuona uzembe katika alichofanya. Yeyote anayedhani kwamba linka, yaani programu inayounganisha vipande vilivyotoka kwa kompaila, hutafuta jina katika maktaba zote ilizopewa angefanya vilevile, na dhana hiyo inaeleweka, kwa sababu ziko linka zinazofanya hivyo na ziko zisizofanya. Linka ya jadi haiulizi tu kama jina lipo. Inauliza kama jina limeshaombwa na mtu wakati inapoipita maktaba yenye jina hilo. Ikiwa bado halijaombwa, hupita bila kuchukua kitu, na hairudi.

Kabla ya kwenda mbele tukubaliane juu ya maneno machache. Kompaila ni programu inayosoma faili moja la msimbo ulioandikwa na binadamu na kutoa faili la objekti, yaani faili lenye maelekezo ya mashine, ambalo jina lake kwa kawaida huishia na nukta na herufi o. Faili la objekti halijakamilika: ndani yake mna orodha ya majina ambayo faili hilo linawapa wengine, na orodha ya pili ya majina ambayo linayahitaji lakini halina. Majina hayo, ya fankisheni na ya data, ndiyo huitwa simboli. Linka huja baada ya kompaila. Kazi yake ni kukusanya mafaili ya objekti, kulitafutia kila jina linalohitajika mahali lilipo, na kutoa programu moja inayoweza kuendeshwa. Maktaba ya bunda, ambayo jina lake huishia na nukta na herufi a, ni mafaili ya objekti yaliyofungwa pamoja kwa amri ya `ar`, na mwanzoni huwekwa faharasa inayoonyesha jina gani limo katika faili lipi. Bunda si programu, wala yaliyomo hayajaunganishwa. Ni mzigo uliofungwa tu. Ukilitazama baiti kwa baiti utakuta nane za kwanza ni `!<arch>` na alama ya mstari mpya, kisha faharasa, kisha mafaili yenyewe yakifuatana, kila moja na kichwa chake cha baiti 60.

Kijana wangu alikuwa anaandika programu ya kugawa faida ya kikundi cha vikoba. Faili lake kuu, `kuu.o`, linaita fankisheni `gawa_faida`. Fankisheni hiyo imo katika `gawio.o`, ndani ya bunda `libvikoba.a`. Nayo `gawa_faida` ili ifanye kazi huita `piga_riba`, iliyomo katika `riba.o`, ndani ya bunda jingine, `libhesabu.a`. Amri aliyoandika ilikuwa hii:

`cc kuu.o -L. -lhesabu -lvikoba -o vikoba`

Hapa `-L.` huagiza maktaba zitafutwe katika folda hii, `-lhesabu` ni kifupi cha `libhesabu.a` na `-lvikoba` cha `libvikoba.a`, na `-o vikoba` ni jina la programu itakayotoka. Kila kitu kimetajwa, na ndiyo maana alichanganyikiwa.

Fikiria fuso linalotoka Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu ya Tanzam, likipita Mafinga, Makambako, Chimala, Igurusi na Uyole. Utingo ameshika karatasi yenye orodha ya mahitaji, na mwanzo wa safari orodha ina mstari mmoja: mchele magunia kumi. Sharti la safari ni kwamba gari haligeuzi. Wanafika Mafinga, penye mbao nyingi kuliko mahali popote katika njia hiyo. Utingo anatazama orodha, hakuna neno mbao, wanapita. Wanafika Igurusi na kuupata mchele, lakini mwenye mchele anasema sakafu ya gari ina unyevu, mchele haulazwi hapo mpaka itandikwe mbao. Sasa utingo anaandika mstari mpya: mbao. Mbele yake imebaki Uyole, na Uyole hakuna aliyepanga kununua mbao. Wanafika Mbeya na orodha yenye mstari usiofutwa, na mtu aliyewapokea anasema, "Mbao hazipatikani." Mafinga hakukuwa na upungufu wa mbao hata kidogo. Gari lilipita pale kabla hitaji halijazaliwa. Safari hiyohiyo ikigeuzwa, yaani gari litoke Mbeya kwenda Iringa, Igurusi itatangulia, hitaji la mbao litaandikwa, na Mafinga italitimiza.

Linka ya jadi, na miongoni mwake ile ya GNU ambayo wengi wetu tunaitumia katika Linux, husafiri namna hiyo kwenye mstari wa amri, kutoka kushoto kwenda kulia. Inapokutana na faili la objekti lililotajwa moja kwa moja, hulipakia lote bila kuuliza, huandika majina yanayotolewa na majina yanayohitajika. Inapokutana na bunda, hutazama faharasa na kuuliza: kuna jina humu ambalo liko kwenye orodha yangu ya mahitaji sasa hivi? Kama lipo, huchukua faili la objekti lenye jina hilo, na kwa kuwa faili hilo linaweza kuleta mahitaji mapya, hurudia kulitazama bunda hilohilo mpaka lisitoe kitu kipya. Kisha huliacha moja kwa moja.

Tuifuate amri ya yule kijana kwa kidole. Linka inasoma `kuu.o`, orodha ya mahitaji inakuwa na `gawa_faida`. Inafika kwa `-lhesabu`. Bunda lina `piga_riba`, lakini hakuna aliyeiomba. Inapita mikono mitupu. Inafika kwa `-lvikoba`. Jina `gawa_faida` lipo katika `gawio.o`, inalichukua faili hilo, inafuta `gawa_faida` kwenye orodha na kuandika `piga_riba`. Inalitazama tena bunda la vikoba kutafuta `piga_riba`, haimo. Mstari wa amri, ukiacha maktaba za kawaida ambazo kompaila huziongeza yenyewe mwishoni, umekwisha. Hapo ndipo ujumbe unapotoka, na ukiusoma kwa utulivu unasema zaidi ya wengi wanavyodhani, kwa kuwa hutangulizwa na `libvikoba.a(gawio.o)`, yaani humtaja aliyeomba. Mwombaji ni `gawio.o` wa bunda la vikoba. Basi bunda la hesabu lazima liandikwe baada ya bunda la vikoba:

`cc kuu.o -L. -lvikoba -lhesabu -o vikoba`

Kanuni inayopatikana hapa ni fupi: anayeomba atangulie, anayetoa afuate. Inasikika kinyume kwa mtu aliyezoea kuweka msingi kabla ya kuta, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kuikosea, kwa maana mkono wenyewe unataka kuandika kwanza maktaba ya msingi.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo linalofanya kosa hili lichukue siku nzima badala ya dakika tano: kosa la mpangilio linaweza kulala. Chukua amri ileile mbovu, lakini katika `kuu.c` ongeza mstari mmoja unaoita `piga_riba` moja kwa moja, kwa mfano kwa ajili ya kujaribu tu kama riba inahesabiwa sawasawa. Sasa linka inapoingia kwenye bunda la hesabu, `piga_riba` tayari iko kwenye orodha, kwa sababu `kuu.o` yenyewe imeiomba. Faili `riba.o` linapakiwa. Baadaye `gawio.o` inapoihitaji, inaikuta ndani ya gari. Programu inajengeka. Mwezi mmoja baadaye mtu anafuta ule mstari wa majaribio, jambo lisilo na uhusiano wowote na maktaba, na ujenzi unaanguka kwa ujumbe unaolaumu faili ambalo hakuna aliyeligusa. Nimewaona watu wazima, wenye uzoefu, wakirudisha mstari wa majaribio na kuandika pembeni yake "usifute, haijulikani kwa nini." Sababu inajulikana.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kipimo cha kuchukua. Wapo wanaoamini kwamba linka hubeba maktaba nzima, na wapo wanaoamini kwamba hubeba fankisheni moja moja. Kwa bunda, kwa desturi, zote mbili si sahihi: hubebwa faili la objekti zima. Wakulima wa viazi wa Njombe na Uyole wanalijua gunia la lumbesa, lililoshonwa likiwa limejazwa mpaka juu ya mdomo. Mnunuzi akitaka debe moja tu muuzaji hafungui, atabeba gunia na kilima chake. Faili la objekti ndani ya bunda ni gunia la namna hiyo. Tuseme `riba.o`, mbali na `piga_riba`, ina pia fankisheni `chapa_tarehe`, na wewe katika `kuu.c` umeandika `chapa_tarehe` yako mwenyewe. Linka inachukua `riba.o` kwa ajili ya riba, na tarehe inakuja nayo. Sasa kuna fasili mbili za jina moja ndani ya programu, na linka inakataa kwa kusema jina limefasiliwa mara nyingi. Lakini kama mwandishi wa maktaba angeweka `chapa_tarehe` katika faili lake peke yake, `tarehe.o`, hakuna aliyekuwa akiihitaji, kwa kuwa yako imeshapakiwa. Gunia lingebaki sokoni na programu ingejengeka bila neno. Ndiyo maana waandishi wa maktaba za msingi za C huweka karibu kila fankisheni katika faili lake. Wanaoona mtindo huo ni usumbufu wa bure wajaribu kutumia maktaba iliyorundikwa yote katika faili moja kubwa.

Kwa nini mambo yalipangwa hivi tangu mwanzo? Unix, mfumo wa kompyuta ambao Linux imefuata mtindo wake, ilikulia katika kompyuta za PDP-11, ambazo anwani zake ni za biti 16, na biti 16 hufikia kilobaiti 64 tu. Linka ililazimika kuwa na kumbukumbu ndogo, na kusoma mabunda mara moja bila kuyakumbuka ilikuwa njia ya busara. Hali ya awali ilikuwa ngumu kuliko ya leo, kwa sababu bunda lisilo na faharasa lilisomwa faili kwa faili, na hivyo hata mpangilio wa mafaili ndani ya bunda lenyewe ulikuwa na maana. Toleo la 7 la Unix, la mwaka 1979, lilikuja na vyombo vya kupunguza adha hiyo: `lorder` iliorodhesha faili gani linahitaji faili lipi, `tsort` ilipanga orodha hiyo ili kila mwombaji amtangulie mtoaji, na `ranlib` iliweka faharasa ndani ya bunda ili mpangilio wa ndani usijalishe tena. Faharasa imebaki mpaka leo, na sasa `ar` yenyewe huiweka. Mpangilio kati ya bunda na bunda ulibaki kuwa mzigo wa mwandishi wa amri.

Chombo cha `tsort` bado kimo katika Linux yako, na kinafaa. Kiandikie kila jozi, mwombaji kwanza:

`printf "kuu vikoba\nvikoba hesabu\n" | tsort`

Kitakujibu `kuu`, `vikoba`, `hesabu`, kila jina katika mstari wake, na huo ndio mpangilio wa kuandika. Ukiongeza jozi ya `hesabu vikoba`, kitalalamika kwamba kuna mzunguko. Malalamiko hayo ni ya kweli, maana mzunguko ndio tatizo ambalo kanuni yetu fupi haiwezi kulitatua.

Tuseme `piga_riba` inapokuta kiasi kisichofaa huita `toa_onyo`, iliyomo katika `onyo.o` ndani ya bunda la vikoba. Vikoba inahitaji hesabu, hesabu inahitaji vikoba. Ukiandika `-lvikoba -lhesabu`, linka itachukua `gawio.o`, itaondoka, itachukua `riba.o` katika hesabu, na hapo itaandika hitaji la `toa_onyo` wakati bunda la vikoba limeshapitwa. Watu huandika `-lvikoba -lhesabu -lvikoba`, na wengine huona kurudia huko kama uganga uliorithiwa kwa waliotangulia. Si uganga, ni kulipitisha gari Igurusi mara ya pili. Lakini kurudia mara moja kunatosha tu pale mzunguko unapokuwa mfupi, `onyo.o` ikihitaji kitu kingine cha hesabu ambacho hakijapakiwa, utaandika tena. Linka ya GNU ina njia safi zaidi, nayo ni kuyafunga mabunda katika kundi (`-Wl,` huiambia kompaila ipeleke kinachofuata kwa linka):

`cc kuu.o -L. -Wl,--start-group -lvikoba -lhesabu -Wl,--end-group -o vikoba`

Ndani ya kundi gari huzunguka kati ya masoko hayo mpaka raundi nzima ipite bila kupakia kitu kipya. Linka ya Solaris, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ina chaguo la `-z rescan`, linaloiamuru ikifika mwisho wa mstari wa amri irudie mabunda yote mpaka yasitoe tena kitu, na ina pia `-z rescan-start` na `-z rescan-end` kwa kundi dogo. Maoni yangu ni kwamba kundi ni dawa ya dharura: mabunda mawili yasiyoweza kuishi mmoja bila mwenzake kwa kawaida ni bunda moja lililokatwa mahali pasipofaa.

Sasa turudi kwa mwenzake yule kijana, ambaye kwake amri mbovu ilifanya kazi. Kompyuta yake ilikuwa ya Apple. Linka ya Apple haina tabia ya gari lisilogeuza. Huendelea kuyatafuta mabunda muda wote wa kuunganisha, na mwongozo wake unasema wazi kwamba hakuna haja ya kutaja bunda zaidi ya mara moja. Linka ya LLD, ya mradi wa LLVM, hufanya jambo linalofanana kwa njia nyingine. Inapopita bunda husoma majina yaliyomo na kuyaandika kwenye daftari pamoja na mahali yalipo, bila kuchukua gunia lolote lisilohitajika. Jina likiombwa baadaye, hufungua daftari na kuliagiza. Ni utingo aliyechukua namba ya simu ya kila mfanyabiashara njiani: akiambiwa mbao akiwa Igurusi, hupiga Mafinga na mbao zikaletwa. Linka ya mold, iliyoandikwa na Rui Ueyama, ambaye pia ndiye mwandishi wa LLD hii ya sasa, na iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2021, nayo haijali bunda lipi lilitangulia katika kutafuta majina. Linka ya gold, iliyoandikwa na Ian Lance Taylor na kuingizwa katika vyombo vya GNU mwaka 2008, ililenga kasi, lakini kwa habari ya mpangilio ilifuata desturi ya zamani. Na katika AIX, mfumo wa Unix wa kampuni ya IBM, hata neno bunda lina upana mwingine, kwa kuwa faili lenye kuishia na nukta na herufi a huweza kubeba ndani yake maktaba za pamoja, ambazo nitazieleza hapa chini.

Wengi wakisikia hayo husema: basi tutumie linka yenye daftari na tuache kuhangaika. Daftari ni zuri, lakini linaleta tofauti nyingine ambayo haitoi ujumbe wowote, na kwa hiyo naiogopa zaidi. Tuseme jina `panga` limo katika mabunda mawili, la kwanza na la pili, kwa fasili mbili tofauti. Faili kuu linaomba `anza`, iliyomo katika bunda la pili tu, na `anza` ndiyo inayoomba `panga`. Linka ya jadi inalipita bunda la kwanza bila kuchukua kitu, inafika la pili, inachukua `anza`, na kwa kuwa bado iko katika bunda la pili inachukua `panga` ya hapo. Linka yenye daftari ina `panga` ya bunda la kwanza imeandikwa mapema, na ndiyo itakayoiagiza. Amri ni moja, mabunda ni yaleyale, linka zote mbili zimemaliza bila kulalamika, na programu mbili zilizotoka zina tabia tofauti. LLD ina chaguo la `--warn-backrefs` linalokuonya kila jina linapopatikana kwa kurudi nyuma, na ninashauri liwashwe na kila anayeandika programu itakayojengwa kwenye mashine zaidi ya aina moja.

Mkanganyiko mwingine, huu wa kila siku, unahusu maktaba ya hisabati. Mtu huandika `#include <math.h>` na kuamini kwamba ameshaingiza maktaba. Mstari huo huleta matangazo tu, kama bango la duka pale Mwanjelwa linavyokueleza kinachouzwa ndani. Bango halikufikishii bidhaa nyumbani. Bidhaa huletwa na `-lm`. Imani hii huimarishwa na bahati: ukiandika `pow(1.1, 12)`, yaani kwa tarakimu zilizoandikwa moja kwa moja katika msimbo, kompaila ya GCC huikokotoa yenyewe na kuandika jibu, kwa hiyo hakuna jina lililobaki la kutafutwa, na programu hujengeka bila `-lm`. Siku utakapobadilisha ili kiwango cha riba kisomwe kutoka kwa mtumiaji, fankisheni itahitajika kweli na ujumbe utatokea, nawe utadhani umeharibu kitu katika kusoma.

Kisha kuna maktaba ya pamoja, ambayo haichukuliwi gunia kwa gunia. Inatajwa nzima, na programu huikuta inapoanza kuendeshwa. Ukiandika `-lhesabu` na pakawa na aina zote mbili mahali pamoja, linka ya GNU hupendelea ya pamoja. Kwa hizi mpangilio kwa kawaida haukuwa na uzito, mpaka lilipokuja chaguo la `--as-needed`, ambalo huiambia linka isiisajili maktaba ya pamoja ambayo hakuna aliyeiomba kufikia hapo. Kati ya aina mbili za Linux, Ubuntu imeliwasha chaguo hilo kama desturi tangu toleo la 11.10 la mwaka 2011, Debian haikufanya hivyo. Ndiyo maana `cc -lm kuu.c` inaweza kupita katika Debian na kukwama katika Ubuntu, ilhali kompaila ni jamaa moja.

Halafu kuna gunia ambalo hakuna atakayeliomba kamwe. Baadhi ya programu huandikwa ili kila sehemu ijisajili yenyewe wakati wa kuanza, bila sehemu nyingine kuitaja kwa jina. Sehemu kama hiyo ikiwekwa ndani ya bunda, linka yoyote kati ya hizi itaiacha, na hapatakuwa na kosa lolote, ila uwezo fulani wa programu hautakuwepo. Kwa hali hiyo huagizwa bunda zima: `--whole-archive` kwa GNU na LLD, `-force_load` kwa Apple, `-z allextract` kwa Solaris. Jina dhaifu nalo, yaani lile ambalo programu imekubali liwepo au lisiwepo, halitoshi kulifungua bunda. Solaris ina `-z weakextract` kwa anayetaka litoshe.

Na si kila ujumbe wa jina kukosekana ni wa mpangilio. Ukiandika faili kuu kwa C++ na maktaba kwa C, kompaila ya C++ itaomba jina lililosukwa pamoja na aina za vigezo, na `piga_riba` yenye kigezo cha aina ya `double` na kingine cha `int` itaombwa kama `_Z9piga_ribadi`, jina ambalo bunda la C halina. Hapo hata ukizungusha maktaba asubuhi hadi jioni hupati kitu. Dawa ni `extern "C"` kwenye tangazo.

Ili kutofautisha hali hizi nilimwambia yule kijana aandike `nm libvikoba.a`. Chini ya `gawio.o` aliona mistari miwili iliyomhusu: `T gawa_faida`, ikimaanisha inatolewa hapa, na `U piga_riba`, ikimaanisha inahitajika hapa lakini haimo. Akaandika `nm libhesabu.a` na kuona `T piga_riba`, jina lilelile herufi kwa herufi. Basi lipo, na tatizo ni safari. Akahamisha neno moja, kisha nikamwomba aongeze `-Wl,-Map=ramani.txt` kwenye amri. Faili hilo la ramani huanza kwa kuorodhesha kila gunia lililopakiwa na nani aliyeliomba, na juu kabisa akanisomea kwa simu:

`./libvikoba.a(gawio.o)    kuu.o (gawa_faida)`

`./libhesabu.a(riba.o)     ./libvikoba.a(gawio.o) (piga_riba)`

"Kumbe huandika na aliyeagiza," akasema, na akaanza kuniuliza kuhusu mstari wa tatu.